Kabla Hujaanza Dawa za Lupasi, Weka Haya Sawa
Lupasi, baridi yabisi na jamaa zake ni magonjwa ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Hayaambukizi, kwa hiyo usimtengee mgonjwa sahani. Hela ya mganga itunze, itahitajika kwa vipimo vya damu na vya mkojo. Mkojo usiuruke hata ukijisikia mzima: lupasi inaweza kula figo kimyakimya.

Kifua kikuu na minyoo viangaliwe kwanza. Prednisoloni, kidonge kinachotumika sana kutuliza magonjwa haya, inashusha kinga, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, na kuna minyoo ya udongoni, strongiloidesi, inayoweza kutapakaa mwili mzima na kuua. Muulize daktari kuhusu ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, mapema.

Methotreksati kwa magonjwa haya ni mara moja kwa WIKI. Ukiimeza kila siku ni sumu. Chagua siku, iandike juu ya boksi. Mwenye kutaka mimba aseme kabla ya kidonge cha kwanza. Anayemeza haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya lupasi, apimwe macho.

Sasa prednisoloni. Shangazi yetu wa Kadutu, hapa Bukavu, aliimeza miezi mingi. Mashavu yakajaa, uso ukawa duara, na sokoni wakapata la kusema: "Mama Neema, hiyo sombe unaitia mafuta gani?" Utani ukamchosha. Viungo vilikuwa vimetulia, akaona amepona, akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Hazikupita siku nyingi, ndoo ya maji ikamshinda, akawa anatapika, akisimama anaona giza. Kituo cha afya wakasema malaria, wakamtundikia dripu ya kwinini. Presha ikazidi kushuka. Daftari lake la hospitali lilikuwa chini ya godoro nyumbani, na sisi tuliomzunguka hakuna aliyejua jina la dawa. Binti yake ndiye aliyekuja mbio na pakiti tupu aliyoikuta dirishani. Muuguzi wa zamu akaigeuza, akasoma, akauliza, "Ameacha lini?" Hakungoja jibu, akaenda kutafuta haidrokotisoni ya mshipa.

Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na nguvu za mwili; prednisoloni inafanana nayo. Ukimeza prednisoloni zaidi ya wiki tatu hivi, zinaweza kulala, na ukikata ghafla haziamki siku hiyo. Dawa hii inapunguzwa polepole, kwa hesabu ya daktari. Kwa hiyo karatasi yenye jina la dawa na kipimo ikae kwenye pochi, na jirani mmoja ajue. Weka akiba ya kutosha. Bukavu tunajifahamu: leo boti ya Goma haiji, kesho benki imefungwa, na farmasi inakuambia urudi Jumatatu.

Anayekuuzia chupa ya kumaliza lupasi kabisa, mwache. Mwaka 2021 huko Erlangen, Ujerumani, timu ya Georg Schett ilichukua chembe za kinga za msichana wa miaka 20 mwenye lupasi kali, ikazibadilisha maabara zikaue chembe B zinazoushambulia mwili, ikamrudishia. Mwaka uliofuata wakatangaza wagonjwa watano waliotulia bila dawa. Inatia moyo, ila ni tiba ya hospitali kubwa na bado inajaribiwa. Haiuzwi kwenye beseni sokoni.

Vidonge vya kunenepesha vilevile uviogope, vingine ni deksamethasoni, ndugu wa prednisoloni. Jua kali linaweza kuchochea lupasi, vaa kitambaa. Homa ikikupanda ukiwa kwenye dawa hizi, usilale nayo, nenda usiku huohuo, na daftari ulibebe.