Maji Yakitokea kwa Yijing: Vile Unaeza Kuyasoma Bila Kujidanganya

Siku hizi watu wengi Nairobi wako na apu ya Yijing kwa simu (wengine huandika I Ching, ni kitu kimoja, kitabu cha kale cha Uchina cha kupiga bao kwa michoro ya mistari), mtu anabonyeza, mchoro wa maji unatokea, anashangilia ati pesa inakuja. Hapana. Hiyo stori ya maji ni pesa imetoka kwa fengshui, mambo ya kupanga nyumba na kuweka samaki kwa glasi karibu na mlango, na hata huko iko na masharti yake. Kwa Yijing yenyewe maji kwanza ni shimo. Ni hatari, na si ile ya kuona kwa mbali ukakimbia, ni ile ushaingia ama uko karibu kuingia na lazima uipitie, sasa kazi yako ni kujua umesimama upande gani wa maji. Ukishajua hivo mengine yote yanafunguka.

Angalia wenye kuandika hii kitu walikuwa wanaishi wapi. Huko kaskazini mwa Uchina kuna Mto Manjano, Huang He, unabeba udongo mwingi mpaka udongo unajaa chini ya mto, maji yanapanda, kingo zinapasuka, na mara kadhaa mto umewahi kuhama njia kabisa. Kuuvuka haikuwa mchezo. Ndo maana ukisoma maandishi unakutana tena na tena na maneno "inafaa kuvuka mto mkubwa" ama "haifai". Hata kabla ya Yijing, wafalme wa Shang, ukoo uliotawala Uchina ya kale, pale mji wa Anyang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walikuwa wanachoma magamba ya kobe na mifupa ya bega la ng'ombe mpaka ipasuke alafu wanasoma zile nyufa, na swali moja walilokuwa wanarudia sana ni itanyesha ama haitanyesha. Maji yakikosa njaa, yakizidi kifo. Mtu wa Nairobi haitaji kuelezewa sana hapo, sisi ndo tunangoja bauza wiki mbili alafu Aprili 2024 mvua inakuja inabeba nyumba, uliza mtu wa Mathare.

Na kama una watu wa pwani hii haitakushangaza sana. Ramli ya kiswahili nayo ni alama zenye safu nne, kila safu nukta moja ama mbili, zote 16. Yijing ni mistari sita, kila mmoja mzima ama umekatika, kwa hivo inatoa michoro 64. Kama kanisa lako ama msikiti wako haukubali mambo ya kupiga ramli basi usirushe koini za kupata mchoro, soma tu, maandishi yenyewe ni matamu. Mimi siamini shilingi kumi inajua kesho yangu, lakini inanilazimisha kuangalia shida kwa pembe nisingeichagua mwenyewe, na hiyo inanitosha.

Haya, vifaa. Chukua shilingi kumi tatu, zile zilizotoka 2018, simba upande mmoja na nembo ya taifa upande mwingine. Simba hesabu 3, nembo hesabu 2, amua hivo kabla ya kurusha na usibadilishe katikati ya safari. Andika swali kwa karatasi, swali moja, na liwe la kitu uko na uwezo nacho, si "nitaolewa lini" bali "nikihamia Rongai hii kazi yangu itakuwaje". Rusha zote tatu pamoja, jumlisha, utapata 6, 7, 8 ama 9, hakuna namba nyingine inawezekana. 7 na 9 chora mstari mzima, huo ni yang. 6 na 8 chora mstari uliokatika katikati, huo ni yin. Ukipata nembo zote (6) ama simba zote (9) weka kialama kando kwa sababu hiyo ni mistari inayogeuka, mzima unakuwa umekatika na uliokatika unakuwa mzima, na kila mmoja hutokea kama mara moja kwa nane kwa hivo usishangae ukikosa kabisa. Unarusha mara sita na unachora kutoka chini ukipanda, vile ghorofa inajengwa. Hapo ndo wengi huharibu, wanachora kutoka juu alafu wanasoma jibu la mtu mwingine. Njia ya zamani ilikuwa ya vijiti 50, kimoja kinawekwa kando 49 vinagawanywa na kuhesabiwa, inachukua muda sana, ukiwa na subira iko, mimi koini zinanitosha.

Ukimaliza gawanya mchoro mara mbili, mistari mitatu ya chini na mitatu ya juu. Hivi vikundi vya tatu tatu viko nane: mbingu, ardhi, ngurumo, upepo, moto, mlima, ziwa na maji. Maji yanaitwa Kan na utayajua haraka sana, umekatika, mzima, umekatika. Mstari mmoja mgumu umefungiwa katikati ya miwili laini. Unaeza kuona mtu ameanguka kati ya kingo mbili, na unaeza pia kuona mkondo wenye nguvu unapita ndani wakati juu kumetulia, na zote mbili ni sawa, usilazimike kuchagua moja mapema. Maelezo ya zamani yanaipa Kan mitaro, vitu vilivyofichwa, mwezi, damu, sikio, nguruwe, kaskazini, mtoto wa kiume wa katikati, na mwizi. Ndio, mwizi ametajwa kabisa. Kwa hivo umeuliza kuhusu kushirikiana biashara na mtu alafu Kan ikatokea, hiyo ya vitu vilivyofichwa usiiruke ati juu unampenda huyo mtu. Ziwa ni kitu kingine, linaitwa Dui, mizima miwili chini na uliokatika juu, hilo ni la furaha na mdomo na binti mdogo, watu huchanganya kwa sababu zote zina maji.

Sasa swali kubwa: maji yako juu ama chini? Chini ni ndani, ni pale umesimama. Juu ni nje, ni kile kiko mbele yako. Kan inaingia kwa michoro 15 kati ya 64 na karibu kila mmoja unaeza kuupata maana kwa kuuliza hivo tu. Kwa kitabu kila mchoro uko na namba yake, 1 hadi 64, na kila mstari uko na maneno yake. Chukua namba 3, maji juu ya ngurumo. Maandishi hapo hayasemi hata maji, yanasema mawingu na ngurumo, yaani mvua iko juu imefungana lakini haijashuka, mwanzo mgumu, kila kitu kinasukumana. Pindua, ngurumo juu na maji chini, unapata namba 40, mvua imenyesha, fundo limefunguka, na ushauri wake ni kusamehe makosa. Vitu ni vile vile viwili, ni nafasi tu. Ama namba 5, maji juu ya mbingu, hiyo ni kungoja, na inasema inafaa kuvuka mto mkubwa. Ipindue uone namba 6, mbingu juu maji chini, hiyo ni ugomvi na kesi, inasema haifai kuvuka, ukisimama katikati ni heri ukifika mwisho ni balaa. Wenye kesi za mashamba kule Milimani soma hiyo mara mbili alafu mpigie wakili muongee mambo ya kupatana.

Ziwa juu maji chini ni 47, maji yamevuja yote ziwa limebaki kavu, umeisha nguvu, na kibaya zaidi inasema ukiongea hutaaminiwa, kwa hivo usipoteze pumzi ukijieleza kwa watu. Maji juu ziwa chini ni 60, mipaka, kiasi, na inaonya kwamba mipaka michungu isiendelezwe. Aliyewahi kugawa mitungi minne kwa familia nzima mpaka maji yarudi anaielewa 60 bila mwalimu.

Ninayoipenda mimi ni 48, kisima. Maji juu, mti chini (mti na upepo ni kikundi kimoja cha mistari mitatu). Inasema mji unaeza kuhamishwa lakini kisima hakihamishwi, hakipungui wala hakizidi, watu wanakuja wanateka wanaenda, lakini kamba ikikosa kufika kidogo tu, ama mtungi ukivunjika, balaa. Alafu mistari yake inapanda kama kisima chenyewe, wa kwanza chini ni matope hakuna anakunywa, wa tatu kisima kimesafishwa na bado hakuna anakunywa na moyo unauma, wa nne kinajengewa kuta, wa tano maji baridi safi yananyweka, wa mwisho inasema usikifunike. Ona vile hapa maji si hatari, yako tu, shida iko kwa kamba. Ukipata 48 na umeuliza mambo ya kazi usianze kuuliza kama kipaji kiko, hicho kiko, uliza kama barua zako zinafika kwa meza ya mtu anayeajiri ama zinakwamia kwa rafiki aliyeahidi kuzipeleka.

Tufanye mfano mzima. Tuseme jamaa wa Pipeline anauliza, "nikiacha kazi mwezi ujao nifungue kibanda cha chipsi itakuwaje?" Anarusha, kutoka chini anapata 7, 7, 9, 8, 7, 8. Mitatu ya chini yote mizima, mbingu. Juu umekatika, mzima, umekatika, Kan. Hiyo ni namba 5, kungoja, maji yako mbele yake bado hajaingia. Mstari unaogeuka ni wa tatu. Sasa namba 5 iko na kitu kizuri sana, mistari yake inamsogeza mtu karibu na mto hatua kwa hatua: wa kwanza anangojea mbali nje ya mji, wa pili kwa mchanga, wa tatu kwa matope na hapo inasema anawaita maadui waje, wa nne kwa damu. Kwa hivo jamaa yuko matopeni, yaani ameshasogea mapema kuliko inavyofaa, pengine ameshalipa depositi ya kibanda ama ameshamwambia bosi. Hajazama lakini akisimama hapo kizembe atavamiwa. Alafu geuza ule wa 9 uwe umekatika, chini inakuwa mzima, mzima, umekatika, hilo ni ziwa, maji juu ya ziwa, namba 60. Mambo yanaelekea kwa mipaka. Mimi ningemwambia asirudi nyuma na asiruke pia, aandike bajeti yenye mwisho, hii ndo pesa naeza kupoteza na hii siguzi, na isiwe ngumu mpaka watoto walale njaa, ile ya mipaka michungu.

Alafu kuna namba 29, maji juu na maji chini, shimo ndani ya shimo. Watu wakiipata wanafunga simu. Usifunge. Mstari wa kwanza ni mbaya kweli, anaanguka kwa shimo lililo ndani ya shimo, na wa sita ni mbaya zaidi, amefungwa kamba nyeusi akatupwa kwa miiba miaka mitatu. Lakini katikati kuna vitu. Wa pili unasema tafuta kidogo kidogo, usitake kutoka kwa mruko mmoja. Wa nne ni chupa ya pombe na bakuli za nafaka, vyombo vya udongo tu, vinapitishwa dirishani, yaani ukiwa shimoni msaada haupiti mlango mkubwa na haukuji na sherehe, ule uko kwa sahani ya plastiki ya jirani upokee. Wa tano unasema shimo halijafurika, limejaa mpaka usawa tu, hakuna lawama. Na maelezo ya mchoro wote ni kwamba maji yanapita kwa hatari bila kupoteza uaminifu wake, yakikuta shimo yanajaza kwanza alafu yanaendelea. Kwa hivo ukipata 29 swali lako linageuka, haliwi tena nitatokaje, linakuwa hili shimo nimelijaza mpaka wapi. Kama shimo ni madeni, la kwanza kulipa ni la nani, la pili ni la nani, hivo tu.

Ile ya maji ni nyeusi, ni figo, ni chumvi, inazima moto inalisha mti, hiyo ni hesabu ya vitu vitano (maji, mti, moto, udongo, chuma), ilikuja kuunganishwa na hii michoro baadaye enzi ya Han, utawala wa Uchina wa miaka kama 2,000 iliyopita. Haina ubaya, lakini anza na mistari na nafasi kwanza, ukianza na rangi utaishia kupaka ukuta.

Na usirushe tena ati juu jibu limekukasirisha. Namba 4, ambayo nayo iko na maji chini ya mlima, inasema wazi kabisa: ukiuliza mara ya kwanza naambia, mara ya pili na ya tatu ni kunidharau, na ukinidharau siambii. Andika tarehe, swali na zile namba sita kwa daftari, sio kwa apu maana apu ikifutika umepoteza. Swali lingine kabisa, rusha. Swali lile lile, ngoja mambo yabadilike, na kama hapo katikati landilodi amekuongezea kodi basi hilo ni swali jipya.