Do sukuma, re vuta: kufundisha konsetina kwenye tamasha

Konsetina ni ala ya mikono miwili, yenye mvukuto katikati na vitufe kila upande. Kabla hujafundisha lolote, kagua ala za wanafunzi. Kila mtu abonyeze kitufe kimoja, asukume, kisha avute bila kukiachia. Sauti ikibadilika, hiyo ni Anglo, aina ambayo kitufe kimoja kina noti mbili, ya kusukuma na ya kuvuta. Ikibaki ileile, ni ya aina nyingine, ya Kiingereza au dueti, na vidole vyake vina njia nyingine kabisa. Kuna mwaka nilipuuza jambo hili. Mama mmoja akahangaika dakika 20 akitafuta "re" pale nilipomwelekeza, na haikuwepo. Mwishowe akaniomba radhi yeye, na kosa langu!

Historia ya waundaji wa mwanzo, habari za Uhlig wa Chemnitz na konsetina yake ya mwaka 1834, na za Wheatstone wa London, ziweke kwa wakati wa mapumziko. Una saa moja na nusu tu, na watu wamekuja kupiga.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Upande wa kushoto wa ala ukae juu ya paja, lakini mvukuto usisuguane na nguo. Mikanda ibane kiasi cha kiganja kuinuka kidogo.

Sasa ngazi, yaani do hadi do ya juu. Kwa Anglo ya vitufe 30 ya C/G (yenye safu ya ngazi ya C na safu ya ngazi ya G), tumia safu ya kati, ndiyo ya C. Mkono wa kushoto: kidole cha pete kwenye kitufe cha tatu kutoka upande wa kidole kidogo, cha kati kwenye cha nne, cha shahada kwenye cha tano. Do sukuma, re vuta. Mi sukuma, fa vuta. So sukuma, la vuta. Hapo darasa zima linatabasamu. Kisha kidole cha shahada cha kulia kinashika kitufe cha kwanza, na mkono uliokwisha kuzoea zamu unasukuma. Inatoka do ya juu, ti imerukwa. Aliyewahi kupuliza kinanda cha mdomo hashangai, maana mtego huu anaujua: la na ti zote ni za kuvuta. Mimi huwaambia waweke ala chini, wapunge mikono mitupu na kutamka: sukuma, vuta, sukuma, vuta, sukuma, vuta, *vuta*, sukuma. Wapita njia hutucheka. Acha wacheke, wimbo unaingia mikononi.

Karatasi za noti sigawi. Ukizigawa, macho yanahamia huko na masikio yanalala. Naimba kipande kifupi, wanakiimba, ndipo wanakitafuta kwenye vitufe.

Kuna pia kitufe cha hewa, chini ya dole gumba la kulia. Wimbo wenye noti nyingi za kuvuta utafungua mvukuto mpaka mikono iishe urefu. Usisubiri ufike huko. Kiguse kidogo huku noti inalia na unasukuma, hewa ya ziada itoke bila kukata mdundo. Na mtu asifunge mvukuto kwa nguvu bila kubonyeza kitu. Ndivyo unavyoanza kuvuja.

Jioni, wapeleke kwenye duara la wapigaji. Wakae safu ya nyuma, wasikilize wimbo ukizunguka mara moja, kisha wapige noti wanazozijua tu, kwa sauti ya chini. Anayejua do na so peke yake ana kazi ya kutosha. Wimbo usioujua, fumba mvukuto taratibu, funga kamba yake, piga mguu.