Afya ya Mbwa na Paka katika Kaya za Wafugaji Mkoani Dodoma

Katika kaya nyingi za Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, mbwa hulinda mifugo na paka hulinda nafaka, lakini ndio wanaosahaulika pale ofisa mifugo anapofika kijijini kuchanja ng'ombe na kuku. Usahaulifu huo una gharama kubwa, kwani magonjwa kadhaa ya mbwa huishia kwa mbuzi, kondoo na watoto wa nyumba hiyohiyo.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake huenezwa kwa mate, na dalili zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, hakuna tiba. Mbwa achanjwe akifikisha umri wa miezi mitatu, na paka vilevile, kisha chanjo irudiwe kila mwaka. Naishauri kaya ipange kuchanja karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, kwa kuwa kwetu huo ni wakati wa kiangazi, njia zinapitika na msimu wa kulima haujaanza. Ugonjwa hukatika kijijini pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, hivyo mbwa mmoja aliyechanjwa katikati ya wengi wasiochanjwa hakilindi kijiji. Mtu aking'atwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

La pili, ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha, ni minyoo aina ya tegu. Mfugaji anapochinja mbuzi na kukuta mapafu au ini lina vifuko vya maji, mara nyingi humtupia mbwa. Na kondoo akifa kwa kizunguzungu, kichwa chake huachwa kichakani. Vifuko hivyo ndivyo vichanga vya tegu. Hukomaa katika utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi yakaenea malishoni, bustanini na mikononi mwa watoto. Aina moja huota uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu kwa miaka mingi bila kujulikana. Nyingine huingia kwenye ubongo wa mbuzi na kondoo, mnyama akawa anazunguka mahali pamoja hadi anashindwa kula. Kwa hiyo viungo vyenye vifuko pamoja na vichwa vya mizoga vichomwe au vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli angalau kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Mvua zinapoanza, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, kupe huongezeka. Mbwa mwenye homa, fizi nyeupe au mkojo mwekundu afikishwe kwa daktari wa mifugo mapema. Dawa ya josho la ng'ombe isikadiriwe kwa macho, na dawa ya kupe yenye permethrini isipakwe kabisa kwa paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja. Parasetamoli nayo ni sumu kwake; kidonge kimoja chaweza kumuua.

Baada ya mavuno, mahindi yaliyoota ukungu hupewa mbwa badala ya kutupwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, nasi tunajua kwamba mbwa huathirika ini haraka kwa sumu hiyohiyo, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Nafaka isiyofaa kwa ugali wa familia haifai kwa ugali wa mbwa.

Miezi ya joto kali, Oktoba na Novemba, mbwa wasikose kivuli na maji safi mchana kutwa.

Anayetumia sumu ya panya ghalani aiweke ndani ya kasha lenye tundu dogo asiloweza kupita paka, na kila asubuhi awaokote na kuwafukia panya waliokufa, kwa kuwa baadhi ya sumu humfanya paka aliyekula panya hao avuje damu ndani kwa ndani siku kadhaa baadaye. Paka akilegea ghafla, apelekwe kwa daktari pamoja na pakiti ya sumu iliyotumika, ili ijulikane kama vitamini K, inayosaidia damu kuganda, itamfaa.