Jinsi ya kuiga mwendo nasibu kwa kompyuta na kuupima kwa hesabu ya uwezekano

Mwendo nasibu ni safari ambayo kila hatua yake huamuliwa na bahati; ulio mwepesi kuliko yote huanzia kwenye sifuri ya mstari wa namba. Unarusha sarafu, unasogea hatua moja kulia au moja kushoto kulingana na upande uliojitokeza, kisha unarusha tena. Mwaka 1905 mwanatakwimu Karl Pearson aliuliza katika jarida la Nature kuhusu mtembezi wa aina hii, ila wa kwake aliweza kugeukia upande wowote wa uwanja, na mwanafizikia Lord Rayleigh akamjibu mwaka huohuo. Sisi tutabaki kwenye mstari kwa sehemu kubwa, maana mstari peke yake una mambo mengi ya kushangaza.

Kabla ya kuandika programu, fanya hesabu ya hatua nne kwa kalamu na karatasi, kwa sababu usipokuwa na jibu unaloliamini hutakuwa na kitu cha kuipimia kompyuta. Kila hatua ina chaguo mbili, hivyo njia zote ni 16 na zina uwezekano sawa. Njia 6 huishia kwenye sifuri, 4 kwenye 2, 4 kwenye -2, moja kwenye 4 na moja kwenye -4. Namba witiri hazimo kabisa, kwa kuwa baada ya hatua shufwa huwezi kusimama mahali penye namba witiri. Programu ikikuonyesha 3 baada ya hatua nne, ina kosa. Wastani wa mahali pa kuishia ni sifuri, wastani wa umbali kutoka mwanzo ni 1.5, na wastani wa mraba wa umbali huo ni 4, yaani idadi yenyewe ya hatua.

Sasa andika programu. Kwa lugha ya Python inatosha hivi:

import random

def tembea(n):
    mahali = 0
    for hatua in range(n):
        mahali += random.choice([-1, 1])
    return mahali

Iite mara 10,000 ukiipa n = 4, uhesabu ni mara ngapi imeishia kwenye sifuri, ugawanye kwa 10,000. Jibu linapaswa kukaribia 6/16, yaani 0.375. Likikaa mbali, tafuta kosa kwanza, wala usikimbilie kuongeza idadi ya miendo. Ukitaka matokeo yaleyale yajirudie wakati wa kutafuta kosa, weka random.seed(7) mara baada ya mstari wa import random.

Ukisharidhika, panda hadi hatua 100. Hapa wengi hujikwaa. Wamesikia kwamba umbali hukua kama kipeuo cha pili cha idadi ya hatua, kwa hiyo wanangoja kuona 10, lakini programu inawapa karibu 8, nao wanadhani imeharibika. Haijaharibika. Kumi ni kipeuo cha pili cha wastani wa miraba, na hicho si sawa na wastani wa umbali wenyewe, ambao kwa hatua 100 ni takriban 7.96. Miraba hutoa hesabu safi kwa sababu ukipanua mraba wa jumla ya hatua, kila hatua ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 1, ilhali hatua mbili tofauti zikizidishwa hutoa 1 au -1 kwa uwezekano sawa na hivyo kufutana katika wastani.

Swali lililonivutia zaidi ni la kurudi nyumbani: je, mtembezi atarudi kwenye sifuri, na baada ya muda gani? Uwezekano kwamba hajarudi hata mara moja katika hatua 100 ni takriban 0.08, na katika hatua 10,000 ni takriban 0.008. Unashuka kuelekea sifuri, kwa hiyo kurudi ni hakika, lakini unashuka polepole mno kiasi kwamba wastani wa muda wa kurudi hauna mwisho. Mara ya kwanza niliandika kitanzi cha while kinachosubiri mtembezi arudi, bila kukiwekea kikomo; miendo kadhaa ilikwisha papo hapo, kisha mmoja ukaenda zake na kompyuta ikaonekana imeganda. Weka kikomo daima, na uandike pembeni ni miendo mingapi iliyokifikia. Ukikipandisha kutoka 1,000 hadi 100,000, utaona wastani wa muda wa kurudi unapanda nacho badala ya kutulia.

Jaribu pia kurekodi hatua ambayo mtembezi alisimama kwenye sifuri kwa mara ya mwisho kati ya hatua 100, kisha uchore histogramu, yaani grafu ya nguzo inayoonyesha kila jibu limetokea mara ngapi. Wengi hutarajia kilima katikati. Kinachotokea ni bonde: nguzo ndefu ziko kwenye ncha mbili, na karibu nusu ya miendo haigusi tena sifuri baada ya hatua ya 50.

Ukihamia kwenye uwanja, chagua upande mmoja kati ya minne kwa kila hatua. Angani, ambako unaweza pia kupanda na kushuka, chagua mmoja kati ya sita. Mwanahisabati George Pólya alithibitisha mwaka 1921 kwamba uwanjani kurudi bado ni hakika, ila uvumilivu unahitajika, maana baada ya hatua 10,000 takriban robo ya watembezi bado hawajarudi. Angani mambo hugeuka: uwezekano wa kurudi wakati wowote ule ni takriban 0.34 tu. Weka kikomo cha hatua 1,000 na utapata karibu 0.33, kipandishe hadi 10,000 na namba haitasogea sana, kwa sababu walio wengi kati ya ambao hawajarudi wamekwenda zao na hawatarudi kamwe.