Miezi 18 Ugenini: Mwongozo kwa Wanandoa Wastaafu Wanaokwenda Misheni

Barua ya wito wa misheni hutaja mji, tarehe ya kuanza na aina ya kazi, lakini haitaji jambo litakalowagusa kila siku kuliko yote hayo: kwamba mume na mke ambao kwa miaka 35 au 40 wameagana kila asubuhi mlangoni, mmoja akaenda shuleni na mwingine ofisini, sasa watafanya kazi moja, mahali pamoja, kwa saa zilezile, na jioni watarudi pamoja katika nyumba ndogo isiyo na shamba, wajukuu wala jirani wa zamani. Mwongozo huu unawahusu wanandoa wastaafu wa Afrika Mashariki walio waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na wanaojiandaa kuhudumu nje ya nchi. Mifano yake mingi inatoka Johannesburg, ambako mimi na mume wangu tulihudumu mwaka 2023, tukitokea Nairobi, katika hekalu, yaani jengo takatifu la ibada maalumu, lililo tofauti na kanisa la kila Jumapili.

Kabla ya safari

Wanandoa wazee huruhusiwa kupendekeza muda wa kuhudumu: miezi 6, 12, 18 au 23. Anayekwenda nchi ya kigeni, ikiwa afya na mfuko vinamruhusu, achague angalau miezi 18, kwa sababu miezi mitatu ya kwanza huishia katika kujifunza njia za sokoni na majina ya watu, na mwenye miezi 6 hubakiwa na mitatu tu ya kazi. Kodi ya nyumba, chakula na matumizi ya kila siku hutoka mfukoni mwenu wenyewe. Watoto wakiahidi kuchangia, kubalianeni nao kiasi na tarehe mapema, tena mbele ya ndugu zao wote, kwani ahadi iliyotolewa wakati wa chakula cha kuagana husahaulika upesi.

Pensheni inahitaji uangalifu wa pekee. Ikiwa mfuko wenu hufanya uhakiki wa wastaafu, ulizeni kabla ya kuondoka namna ya kuuthibitisha uhai wenu mkiwa nje, na mwachieni mtu mmoja mnayemwamini hati ya kisheria ya kuwawakilisha. Laini za simu za nyumbani zisiachwe zife. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na ikifungwa, namba za siri za benki na fedha za kwenye simu hupotea nayo. Ichukueni, iwekeeni salio kidogo na muitumie angalau mara moja kwa mwezi.

Kuhusu vibali, Mkenya ameweza kuingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 tangu Januari 2023, lakini siku 90 si miezi 18, kwa hiyo msikubali kushawishiwa na mtu anayesema kwamba mambo yatarekebishwa mkishafika. Subirini kibali cha muda mrefu kitoke. Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa za kutosha miezi mitatu, na barua ya daktari inayotaja dawa hizo kwa majina yake ya kitaalamu badala ya majina ya kibiashara, kwa kuwa kidonge kilekile cha shinikizo la damu huuzwa kwa jina jingine kabisa mkivuka mpaka.

Jambo la mwisho kabla ya safari ndilo gumu zaidi, nalo ni msiba. Ketini wawili, bila watoto, mkubaliane ni kifo cha nani kitakachowarudisha nyumbani na cha nani mtakachokilia mkiwa mbali. Wanandoa wazee wanaweza kuomba ruhusa kwa rais wao, yaani kiongozi wa misheni au wa hekalu, na kusafiri, lakini nauli ni yenu, na katika familia zetu hakuna mwaka unaopita bila mazishi. Sisi tuliandika majina machache kwenye karatasi tukaifungia katika Biblia. Shemeji yangu alipofariki mwezi wa tano wa huduma yetu, hatukuhitaji kubishana usiku kucha tukiwa na majonzi. Jina lake halikuwamo, tukatuma rambirambi na kushiriki ibada ya mazishi kwa simu. Iliuma, lakini haikutugombanisha.

Kazi mtakayopewa

Wengi hudhani kwamba wazee nao watatembea nyumba kwa nyumba kama wale vijana. Sivyo. Wapo wanaohudumu katika ofisi ya misheni wakishughulikia hesabu, magari na nyumba za wamisionari vijana. Wapo wa miradi ya misaada ya kibinadamu. Wapo wanaowasaidia viongozi wapya wa matawi, yaani makusanyiko madogo ya waumini. Na wapo wa hekaluni. Mtu aliyekuwa karani kwa miaka 30 asishangae akipewa ukarani tena. Ratiba kali ya vijana haiwabani wazee, na mnaweza kuwapigia watoto simu wakati wowote unaofaa, jambo ambalo ni neema na pia mtego, kama nitakavyoeleza.

Hekalu la Johannesburg, lililowekwa wakfu Agosti 1985, ndilo la kwanza la Kanisa hili barani Afrika, na hadi lile la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025, Wakenya waliokuwa na uwezo walisafiri hadi huko kwa ajili ya ibada za hekaluni. Kwa hiyo kazi yetu, mbali na zamu zenyewe, ilikuwa kuwapokea watu waliokusanya nauli kwa miaka mingi, wakafika wamechoka, wakasikia mtu akiwaamkia kwa Kiswahili. Nimeona mama mmoja akiangua kilio kwa kusikia tu neno "karibuni". Mkipangiwa mahali ambapo watu wa lugha yenu hupita, mwambieni kiongozi wenu mapema kwamba mnaijua lugha hiyo, kwa maana si kila mtu atakayewaza kuwauliza.

Siku yenyewe

Siku ya zamu ya asubuhi huanza saa 11 alfajiri. Oga, soma maandiko na mwenzako kwa dakika 20, kula uji mzito, kisha ondokeni mapema ili msiingie kwenye mkutano wa maombi mkitweta. Zamu ni ya kusimama kwa saa nyingi, na hapo ndipo miguu ya mtu wa miaka 66 inapodai haki yake. Nunua viatu vyeupe, rangi ya mavazi ya hekaluni, vyenye soli laini, vikubwa kidogo kuliko kawaida yako, kwa kuwa miguu huvimba ifikapo adhuhuri, na uwe na nguo nyeupe jozi mbili ili jozi moja iwe safi wakati nyingine imeanikwa. Mwenye maumivu ya magoti amwambie mratibu wa zamu siku ya kwanza. Zipo kazi za kukaa, na hakuna thawabu ya pekee kwa anayeficha ugonjwa hadi akaanguka.

Mchana mrudipo, laleni. Nasisitiza hili kwa sababu wastaafu wetu, hasa akina mama, huona haya kulala mchana. Saa moja ya usingizi baada ya chakula ndiyo iliyotuwezesha kuwatembelea waumini jioni au kuwaalika wamisionari vijana kwa chakula. Vijana hao wa miaka 18 na 19 huitwa Mzee fulani na Mzee fulani, kwa kuwa ndicho cheo chao, na mume wangu mwenye mvi kichwa kizima aliitwa Mzee vilevile. Ilimchukua majuma mawili kuacha kugeuka kila jina hilo lilipotajwa.

Hekalu hufungwa Jumapili na Jumatatu. Jumapili ni ya mkutano wa kata, yaani kusanyiko la waumini wa eneo moja, ambao tangu Januari 2019 huchukua saa mbili badala ya tatu, na Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua, kununua vyakula, kulipa bili, kumwona daktari. Msiijaze Jumatatu hadi juu. Acheni alasiri yake iwe tupu kabisa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kufunga, na mwenye kisukari azungumze na daktari kwanza.

Jikoni na nyumbani

Mpishi wa Afrika Mashariki hatapata shida kubwa Johannesburg. Pap ni ugali uliobadilishwa jina, mtindi wao huitwa amasi, na mboga za porini wanazoziita morogo zikipikwa kwa kitunguu na nyanya humfariji mtu aliyekosa mchicha wa nyumbani. Maharagwe, nyama na matunda yapo tele. Kwa kuwa Neno la Hekima, sheria ya afya ya Kanisa letu, limetutenga na majani ya chai, watu wengi wetu wamezoea kumkaribisha mgeni kwa maziwa ya moto au kinywaji cha kakao. Kule kuna rooibos, mmea wa milima ya Cederberg ambao hautokani kabisa na mchai, na ukiuchemsha kwa maziwa, tangawizi na iliki, mgeni kutoka Mombasa atakunywa vikombe viwili kabla hajauliza ni nini.

Baridi ni suala jingine. Mji uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, sawa na Nairobi, lakini usiku wa Juni na Julai kipimajoto hukaribia sifuri, na nyumba nyingi hazina chochote cha kuzipasha joto. Aliyetoka pwani asidanganyike kwa jua kali la mchana. Anunue blanketi nene wiki ya kwanza. Mwaka wetu, umeme ulikatwa kwa zamu karibu kila siku, nasi tulijifunza kupika mapema na kuchaji taa. Hali hiyo imetulia sana tangu Machi 2024, ila maji bado hukatika katika mitaa mbalimbali, na madumu mawili yaliyojaa chini ya sinki hayamdhuru mtu.

Jifunzeni salamu kabla ya sarufi. "Sawubona" humtosha mtu mmoja na "sanibonani" huwatosha wengi, na msikivu atagundua upesi kwamba inyama ni nyama na amanzi ni maji. Watoto wa mtaani waliniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na mimi niliyekua nikijua kwamba gogo ni la mti nilihitaji siku kadhaa kulipokea kwa furaha.

Wawili kwa saa 24

Ugomvi wetu mkubwa wa misheni ulihusu sufuria. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka 22 na hajawahi kusimama jikoni zaidi ya dakika tano, alianza kunielekeza namna ya kupanga vyombo, kwa sababu hakuwa na shule ya kuisimamia. Nilinyamaza majuma matatu, nikakosea kunyamaza. Mtu akiondolewa mahali alipokuwa na mamlaka, mamlaka hayo huhamia chumbani, na dawa yake ni kugawa kazi waziwazi: andikeni nani anapika siku gani, nani anashika fedha, nani anaendesha gari, na kila mmoja awe na eneo ambalo mwingine hagusi. Mume wangu alipewa soko na hesabu za randi. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akijua bei ya viazi katika maduka manne, na sufuria zangu zikapata amani.

Pia kila mmoja awe na saa yake ya peke yake kila siku, hata kama ni kutembea kuzunguka bustani au kukaa chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Kuomba saa hiyo si kumkataa mwenzako. Na mnapokosana asubuhi ya zamu, msiingie hekaluni mkiwa hamsemezani. Kaeni garini dakika kumi, ombeni, na kama bado hamjaelewana, kubalianeni saa ya kulimaliza jambo hilo jioni. Sisi tulikaa garini mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa geti alidhani tuna tatizo la injini.

Nyumbani kunapoita

Nilisema kwamba uhuru wa simu ni mtego. Johannesburg iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja tu, hivyo hakuna tofauti ya saa ya kuwakinga na maombi ya nyumbani, na kundi la WhatsApp la ukoo haliendi misheni: michango ya harusi, karo, hospitali na matanga huendelea kutajwa, na jina lisiloonekana kwenye orodha huulizwa. Tulichofanya, na ninachokipendekeza, ni kutenga kiasi kimoja cha michango kwa mwezi, kumkabidhi mtoto wetu wa kwanza, na kuutangazia ukoo kwamba yeye ndiye atakayetoa kwa niaba yetu hadi kiasi hicho kiishe. Wengine walinung'unika, kisha wakazoea. Simu za wajukuu tuliziweka Jumapili alasiri na Alhamisi usiku, kwa video, zikiwa fupi, na mjukuu mmoja alipewa kazi ya kutusomea kitabu chake cha shule badala ya kuulizwa tu kama amekula.

Mwezi wa mwisho, kabla hamjaanza kufunga masanduku, andikeni karatasi moja kwa ajili ya wanandoa watakaopangiwa nyumba hiyo: duka lenye viazi nafuu, jina la dawa ya shinikizo kama inavyoitwa kule, bomba la maji lilipo na upande wa kulizungushia, siku taka zinapochukuliwa, na jirani anayeweza kugongewa mlango usiku. Ibandikeni ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na blanketi nene mliache kitandani.