Kwa tanga na marafiki kutoka Kisumu hadi Mfangano

Ziwa letu la Victoria lina saa yake, na safari ya tanga hufaulu ikiwa mmeipanga kwa saa hiyo. Mimi ni fundi wa kushona hapa Kisumu. Nashona sare za shule na mapazia, lakini kazi niipendayo kuliko zote ni matanga, na kila mwaka marafiki zangu wa chama nami huchukua mtumbwi wa mbao wenye mlingoti tukaelekea visiwani. Watu huniuliza inafanywaje. Inafanywa hivi.

Anzeni na upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri hewa huteremka kutoka upande wa Nandi na Nyando na kusukuma chombo kuelekea magharibi, huko huko mnakotaka kwenda. Ni upepo mwepesi, lakini chombo kinatembea. Jua likishapanda, unalegea, na kuna muda wa utulivu ambapo tanga linaning'inia tu. Halafu mchana, nchi ikiwa imepata joto, upepo wa ziwa huingia kutoka magharibi na kusini-magharibi, ukazidi nguvu hadi saa tisa au saa kumi. Huo mtaukuta usoni. Kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku kuukabili, kwenye mawimbi ya Ghuba ya Winam, ambayo ni mafupi na yamesimama kwa sababu maji hayana kina kikubwa, kunachosha watu na kunatesa mbao.

Basi kwenda: ng'oeni nanga saa kumi na moja alfajiri, muwe mmeshatia nanga saa saba mchana, umbali wowote mtakaokuwa mmefika. Kurudi ni kinyume chake. Mnalala vizuri, mnapika chai, mnangoja upepo wa ziwa, kisha mnakuja nao mgongoni. Lakini kurudi ndiko kuna hatari, kwa sababu saa hizo hizo za alasiri ndizo mawingu ya radi hujijenga juu ya milima ya Nandi na Kericho, na mvua ikianza kuanguka huko, upepo baridi huporomoka na kuja ziwani kutoka mashariki, dhidi ya ule mliokuwa mkitegemea. Yeyote aliyeshika usukani awe na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama mashariki tu. Mkiona weusi huko chini ya wingu, na upepo wa nyuma ukafa ghafla, msijadiliane. Shusheni tanga, lifungeni, kila mtu akae chini kabisa ndani ya chombo, jaketi okozi likiwa limefungwa. Mkiwa karibu na ufuo, nendeni ufuoni. Mkiwa mbali, tieni nanga, omo, yaani mbele ya chombo, ielekee upepo, mngoje upite.

Kwa sababu hiyo mimi huchagua Januari au Februari. Machi hadi Mei sitoki kwa tanga, hata nikibembelezwa. Juni hadi Septemba panawezekana, ila nje ya ghuba pepo za kusini huwa kali. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa ziwa. Usomeni jioni kabla ya kuondoka, kisha nendeni ufuo wa Dunga hapa Kisumu mkaulize wavuvi pia. Wao watawaambia jambo ambalo utabiri hausemi: gugu maji limelala wapi leo. Upepo wa magharibi hulisukuma hadi ndani ya hori ya Kisumu, na likifunga, chombo hakitoki. Msijaribu kulipasua kwa tanga. Mizizi yake huzonga usukani, na mkiwasha injini ya akiba, huzonga panka pia.

Sasa chombo. Mtakodi mtumbwi pamoja na mwenyewe, na hilo ndilo jambo la busara, maana yeye anajua miamba na nyavu. Mbao na lami mwachieni yeye, lakini tanga litazameni kwa macho yenu. Litandazeni chini mchana. Kwaruzeni mshono kwa ukucha: uzi ukikatika au ukitoa unga, jua limeshaumaliza, na tanga hilo litapasuka kwenye upepo wa kwanza wa maana. Mshono uwe wa mistari miwili, kwa uzi wa poliesta wala si pamba. Pembe zote tatu ziwe na kitambaa cha tabaka tatu au nne, kwa kuwa nguvu yote ya upepo huishia pembeni. Halafu ombeni fundi aongeze safu mbili za kamba fupi katikati ya tanga, ili muweze kulikunja sehemu na kulifunga upepo ukizidi. Matanga mengi ya uvuvi hapa hayana kamba hizo. Ni kazi ya saa chache kwenye cherehani, na sioni kitu kingine cha bei hiyo kinacholinda maisha ya watu wengi hivyo. Bebeni sindano ya magunia, uzi uliopakwa nta, kipande cha turubai na kisu.

Jaketi ni moja kwa kila mtu, lenye kufunga vizuri, na livaliwe tangu mwanzo. Idadi ya jaketi ndiyo idadi ya abiria. Rafiki wa rafiki akitokea ufuoni asubuhi na mkoba, anabaki, hata kama ni shemeji yako.

Marafiki wenyewe wanahitaji mapatano, tena yafanyike mkiwa bado mjini. Sisi tuna matatu. Nahodha ni mmoja, na mkiwa majini neno lake halipigiwi kura. Hakuna pombe hadi nanga iwe chini. Na mtu yeyote, hata aliye mgeni kabisa wa maji, akisema anaogopa na anataka turudi, tunarudi bila kumwuliza sababu na bila kumtania baadaye. Hili la tatu wengine hulipinga, wakisema litaharibu safari. Kwetu limefanya watu waoga wakubali kuja, na wakija hawasemi turudi ovyo. Pesa zichangwe kwa M-Pesa kwa mtu mmoja wiki kadhaa mapema, pamoja na akiba ya mafuta ya injini.

Njia yetu huwa hii. Siku ya kwanza Kisumu hadi Kisiwa cha Ndere, karibu kilomita 28 kwa maji. Ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kuna swala pala na ndege wengi, na kiingilio hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Siku ya pili tunafuata pwani ya kaskazini, tukipita Asembo hadi rasi ya Uyoma. Siku ya tatu ni kuvuka mlango wa maji kati ya Uyoma na Rusinga. Vukeni mapema, na mpisheni feri ya Luanda Kotieno na Mbita, maana haiwezi kuwakwepa upesi. Rusinga pana kaburi la Tom Mboya, na ni kisiwa hicho ambapo mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale aliyetoweka. Laleni hapo siku mbili. Kisha Takawiri yenye mchanga mweupe, na mwisho Mfangano, mwenye nguvu apande kuona michoro ya kale ya miambani. Nje ya Rusinga ziwa linafunguka na mawimbi ni mengine, kwa hiyo asubuhi yenye mashaka msiondoke. Msiendelee magharibi ya Mfangano: mpaka wa Uganda uko karibu na wavuvi wetu wamekamatwa huko mara nyingi.

Kila mnapofika, jambo la kwanza ni kumtafuta mwenyekiti wa BMU, kamati ya ufuo. Msalimieni, mwambieni mko wangapi na mnaelekea wapi kesho. Yeye ndiye atakayeonyesha mahali pa kulala ambapo viboko hawapiti, na ndiye atakayepiga simu ufuo unaofuata msipotokea. Msitie nanga kwenye matete au mdomoni mwa mto. Chini ni matope, nanga hushika vizuri, lakini toeni kamba ndefu. Usiku msisafiri kabisa: nyavu za mbuta zimetandazwa kila mahali, na taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, huwachanganya msijue ufuo uko wapi.

Chakula ni rahisi. Unga, vitunguu, nyanya, mafuta, jiko la makaa ndani ya karai lenye mchanga. Samaki aina ya ngege mtanunua kwa akina mama wa ufuoni, nao watawakaangia mkiomba. Maji ya kunywa yachemshwe. Chandarua kwa kila mtu, kwa kuwa malaria ya huku haina mchezo.

Kuogelea, ogeleeni kwenye kina mbali na matete, mjifute kwa taulo mara moja mkitoka. Hilo hupunguza hatari ya kichocho, haliiondoi. Mkirudi Kisumu, tanga likauke kabisa kabla ya kukunjwa, hesabu za pesa zifungwe siku hiyo hiyo, na kwa ajili ya kichocho, baada ya wiki sita hadi nane nendeni wote zahanati mkapimwe. Dawa yake ni vidonge vya kumeza, na sisi huenda kwa pamoja Jumamosi moja ili asiwepo wa kusahau.