Kutambua kisukuku chenye umbo la risasi: anzia penye mvunjiko

Tendaguru, mkoani Lindi, inajulikana kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Lakini katikati ya tabaka za mifupa kuna tabaka za bahari, na humo hupatikana vijiwe virefu, vyembamba, vyenye ncha upande mmoja. Anayeviona kwa mara ya kwanza hudhani ni risasi, jino au mwiba. Huenda ni belemnaiti, kisukuku cha mnyama wa bahari wa kale aliye jamaa ya ngisi, lakini umbo la nje linadanganya mno.

Hatua ya 1. Kipige picha palepale kilipo, rula ikiwa pembeni. Andika rangi na aina ya mwamba, na visukuku vingine vilivyo jirani. Usichimbe bila kibali.

Hatua ya 2. Kisafishe kwa maji na mswaki laini.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Tafuta kipande kilichokwisha kuvunjika chenyewe, kizima usikivunje. Loweka pale kilipovunjika, shika lenzi ya mara 10, kisha kigeuzegeuze juani. Ukiona nyuzi za fuwele zinazotoka katikati kwenda ukingoni kama spoki za baiskeli, zikikatizwa na pete za ukuaji, hiyo ni belemnaiti. Ukiona uso bapa unaong'aa wote kwa mara moja, huenda ni mwiba wa ekinoidi, yule kiumbe wa miambani anayechoma miguu, kwa sababu kila mwiba wake ni fuwele moja ya kalsaiti, yaani madini ya chokaa. Bua la krinoidi, mnyama wa bahari mwenye umbo kama ua, nalo hung'aa hivyo, ila limeundwa kwa visahani vilivyopangana, vyenye tundu katikati. Tumbawe lina vikuta vinavyotoka ukingoni kuelekea ndani. Mfupa una vitundu kama vya sponji. Usipoona muundo wowote, ni mchanga tu, basi huenda ni shimo la mnyama lililojaa udongo.

Hatua ya 4. Kwangua unga kidogo kutoka kwenye kipande kilichovunjika, udondoshee siki. Kalsaiti hutoa mapovu madogo. Mti uliogeuka jiwe mara nyingi ni silika, madini magumu: hautoi povu, wala msumari hauukwaruzi.

Hatua ya 5. Kagua upande butu. Belemnaiti iliyosalimika vizuri ina shimo la umbo la koni, ambamo sehemu yenye vyumba vya hewa ilikaa. Kijiwe chote kilikuwa ndani ya mwili wa mnyama aliye jamaa ya ngisi na dome. Ukiona na mfereji mrefu upande mmoja, fikiria Belemnopsis, jenasi moja ya belemnaiti, inayopatikana Tendaguru. Lakini kwa kipande kimoja mimi huishia kuandika "belemnaiti".

Belemnaiti zilitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo mwamba uliozizaa una umri zaidi ya huo. Ukiiokota kwenye changarawe ya mto, hesabu hiyo haihusu changarawe, kwani huenda maji yaliileta kutoka kwenye mwamba mwingine.

Ukibaki na shaka, peleka makumbusho picha nne zenye kipimo: ubavu, ncha, upande butu na mvunjiko, pamoja na maelezo uliyoandika katika hatua ya kwanza.